Filimbi za Halmashauri

Shangazi yangu ni dobi. Kibanda chake kipo kando ya barabara ya lami inayotenganisha mtaa wa Juu na mtaa wa Chini, upande wetu wa Chini, na meza ya kupigia pasi ameiweka mlangoni kabisa ili apate upepo. Ana pasi mbili za mkaa. Moja inapiga kazi, nyingine inashika moto. Ya umeme anayo pia, imefungwa kwenye kitambaa juu ya kabati, na ukimwuliza kwa nini haitumii atakwambia umeme wa mtaa huu ni wa kuwaonyesha wageni.

Nafanya naye kazi tangu nilipomaliza shule. Mimi nafua, yeye ananyoosha. Si mwongeaji. Akikasirika hasemi kitu, anaitua pasi kwenye kigae chake kwa kishindo, na mteja aliyekuja kulalamika kwamba shati limechelewa anakumbuka ghafla kwamba hana haraka. Mwenye mdomo ni mimi. Ndiyo maana haya nayasimulia mimi, tena kwa hasira, maana nimejaribu kuyasimulia kwa upole nikashindwa.

Mumewe tulimwita Kapteni, wakubwa kwa wadogo. Hakuwahi kuvaa gwanda. Ujanani alikuwa nahodha wa timu ya mpira, siku hizo Juu na Chini tulikuwa na timu moja, na jina likamganda hadi mvi zilipomwota. Alikuwa na utani wake mmoja ambao hakuuchoka. Alisema yeye hakwenda kuoa, alipeleka suruali kunyooshwa, ikakawia kurudi, akaifuata, na mpaka leo hajarudishiwa. Shangazi alikuwa akijibu kwamba suruali yenyewe ilikuwa na kiraka.

Halafu zikaja vurugu. Nani alianza, sitasema, kwa sababu kila mtu ana jibu lake na mimi majibu hayo yamenikinai. Ninachokijua ni kwamba waliotuchomea nyumba waliletwa kwa malori, wengi wao nyuso ngeni, na walikuwa wakiongozana kwa filimbi. Mlio mmoja mrefu ulimaanisha kusanyikeni. Miwili mifupi, nyumba inayofuata. Sisi wa Chini tulijifunza lugha hiyo tumelala kifudifudi sakafuni, tumewaziba watoto midomo, tukisikiliza miwili mifupi imefika mlango wa nani. Kapteni walimkuta getini akijaribu kuzungumza nao kama refa. Walimvunja nyonga kwa vyuma. Hakutembea tena.

Watu wa Juu filimbi hizo hizo walizisikia, lakini kwa mbali. Kwao filimbi ni kitu cha siku zote: mlinzi akiona mwizi anapuliza, wanaume wanatoka na tochi, mwizi anakimbia, watu wanarudi kulala. Siwalaumu kwa hilo. Sauti ni ile ile, masikio ndiyo tofauti.

Baada ya vurugu, Shangazi alirudi kwenye pasi zake kwa sababu ilibidi chakula kipatikane. Kila asubuhi alimwogesha Kapteni, akamgeuza upande wa dirisha, akamwachia redio na maji, akaurudishia mlango bila kuufunga. Hakuufunga makusudi. Walikuwa wanaishi kwenye safu ya vyumba vyenye bati moja refu, na chumba cha pili alikaa Mama Pacha, jirani ambaye walipatana naye kwamba likitokea lolote mchana, yeye ataingia amtoe Kapteni, au ataita watu wamtoe. Duniani Shangazi hakuwa na ombi lingine. Alitaka tu kuwa na hakika kwamba siku jambo likitokea yeye akiwa kazini, mtu ataingia amtoe mumewe.

Hapo ndipo halmashauri ilipokumbuka kwamba tupo.

Walikuja na mahema, viti vya kukodi na spika zinazokoroma. Mradi ulikuwa na jina refu lenye maneno amani, ushirikishwaji na uimara ndani yake. Akasimama Afisa Usalama wa Jamii, mtu mtanashati, shati limenyooka hadi unaogopa kulikaribia. Lilinyooka kwa sababu nililifua mimi na Shangazi akalipiga pasi. Akatueleza kwamba ulinzi sasa utakuwa mikononi mwetu wenyewe, kwamba pande zote mbili zitatoa walinzi, kwamba serikali iliyo karibu na mwananchi ndiyo inayoponya majeraha ya mwananchi. Nilipiga makofi. Maneno yalikuwa mazuri, na sisi tulikuwa na kiu ya maneno mazuri.

Kisha akafungua boksi. Ndani mlikuwa na filimbi, zinang'aa, kila moja na utepe wa buluu wenye jina la halmashauri. Mlio mmoja mrefu, akasema, maana yake kuna hatari, tokeni msaidiane. Hakuipuliza. Aliiinua tu juu ili mpiga picha aione.

Kwenye safu yetu ya viti, Mama Pacha aliwavuta mapacha wake magotini. Shangazi, ambaye sijawahi kumwona akiomba nafasi ya kusema hata kwenye kikao cha ukoo, akasimama.

"Baba," alimwambia Afisa, "sisi wa Chini tukisikia filimbi hatutoki. Tunajificha. Tupeni kitu kingine. Kengele, debe, chochote kile. Hii hapana."

Afisa alimsikiliza kwa tabasamu la mtu anayesubiri mtoto amalize. Akaeleza kwamba hofu ni jambo la mtu binafsi, kwamba wataalamu wapo, kwamba watu huzoea. Halafu akalisema lile neno ambalo mpaka leo likinijia natafuta kitu cha kutupa.

"Mama, tusiishi jana."

Watu wakapiga makofi. Wapo waliocheka, na si wa Juu peke yao. Mwenyekiti wa mtaa wetu, mtu wa Chini mwenzetu aliyelala sakafuni kama sisi na anayeijua vizuri ile milio miwili mifupi, akachukua kipaza sauti akatuomba tusiwavunje moyo wageni wetu. Hakumtazama Shangazi. Baadaye nilimfuata nyuma ya hema nikamwuliza ana masikio ya nani siku hizi. Akanijibu, huku akifuta jasho, kwamba filimbi zimeshanunuliwa, sasa mimi nataka zikafanye nini.

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu yote. Zimeshanunuliwa.

Walinzi wakachaguliwa. Vijana wa Chini waliogopa kuchukua filimbi mkononi, kwa hiyo karibu wote wakatoka Juu, na mkubwa wao akawa Fundi Matairi, anayeziba pancha ng'ambo ya barabara, mkabala na kibanda chetu. Nataka ieleweke kwamba Fundi Matairi ni mtu mwema. Enzi za timu moja alikuwa beki wa kushoto, Kapteni akimfokea mchezo mzima, na baada ya nyonga kuvunjika yeye ndiye aliyekuwa akija Jumapili kumbeba kumtoa nje aote jua. Alivaa ile filimbi shingoni kwa heshima zote. Alidhani amepewa kitu cha kutulinda nacho.

Moto ulianzia chumba cha mwisho cha safu yao, ambacho mpangaji wake alikuwa safarini. Nyaya. Ilikuwa mchana, jua la kuunguza, wanaume wako kazini. Sisi kibandani tulikuwa tunahangaika na mashuka ya nyumba ya wageni, na mteja mmoja, mama muuza mitumba, alikuwa amekaa kwenye ndoo akitusimulia ugomvi wa mawifi zake. Tukasikia mlio mrefu.

Mama yule alikatisha neno katikati. Aliingia chini ya meza ya kupigia pasi, mwili wake wote mnene, bila hata kugusa kitu. Barabara nzima ya upande wetu ikaanza kulia vyuma: makomeo, mageti, madirisha yanavutwa. Upande wa Juu watu walikuwa wanatoka mbio na ndoo. Ukisimama pale katikati ya lami ungeona mtaa mmoja unafunguka na mwingine unajifunga, kwa sauti hiyo hiyo moja.

Filimbi ikalia tena. Walinzi walipoona hakuna anayetoka Chini, wakadhani hatujasikia. Wakazidi kupuliza.

Shangazi alikuwa ameshaona moshi. Alikimbia na pasi mkononi, sidhani kama alijua ameishika, mkaa unamwagika njiani, na mimi nyuma yake. Tulipofika kwenye safu, kila mlango ulikuwa umefungwa ila wake, uliokuwa unatoa moshi, akaamini Kapteni yuko kwa Mama Pacha. Aligonga mlango wa Mama Pacha kwa ile pasi, akimwita kwa jina lake, akimwambia ni mimi, ni mimi, toka, ni moto. Ndani hakuna aliyejibu. Mama Pacha alikuwa amewalalia wanawe chini ya kitanda, bati la juu yake linaanza kutoa cheche, na kwa akili yake kilichokuwa kinagonga mlango kwa chuma si Shangazi. Aliufungua aliposikia sauti yangu inalia. Kapteni hakuwa amemtoa. Angemtoaje?

Walinzi walikuwa wamefika kabla yetu kutokea upande wa nyuma, wakapita kwenye ule mlango usiofungwa. Fundi Matairi aliingia wa kwanza, kitambaa puani, rungu kiunoni, filimbi ikining'inia. Alitoka na Kapteni mgongoni, lakini alichelewa sana kutoka, na Kapteni alikuwa ameshakuwa mweusi midomo.

Hospitali hakumaliza siku.

Fundi Matairi alituambia kwenye korido, amechuchumaa, mikono yake imeungua na ameikunja kifuani. Alikuwa anamwambia Shangazi lakini anaangalia sakafu.

"Sikumkuta kitandani, dada. Alikuwa chini ya kitanda. Sijui alijivutaje mpaka kule na ile nyonga. Nikamwambia Kapteni, ni mimi, beki wako, nimekuja kukutoa. Akashika mguu wa kitanda. Nikimvuta, anakaza. Ananiambia, sina kitu humu baba, niacheni, sina kitu."

Shangazi aliweka kiganja chake kichwani pa yule mwanamume na kukiacha hapo. Hakulia. Mimi nililia kwa hasira, na hasira ile mpaka leo haijashuka, kwa sababu mtu aliyenusurika na wauaji alikufa akiwakimbia waokoaji, na kilichowafanya wasitofautishike ni kipande cha bati kilichonunuliwa na ofisi ambayo ilikuwa imeambiwa.

Iliambiwa. Mbele ya mahema, kwa kipaza sauti, na dobi.

Ofisi ilileta rambirambi. Ilileta pia tathmini yake, Mwenyekiti akatusomea: vifaa vilifanya kazi ipasavyo, walinzi walijitoa, changamoto ilikuwa ushirikiano hafifu wa wakazi wa mtaa wa Chini. Mapendekezo, wakazi hao wapewe semina, na filimbi ziongezwe. Mama Pacha, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na mtoto kila paja, aliinuka akaenda zake bila kuaga. Hakumtembelea Shangazi kwa muda mrefu baada ya hapo, na Shangazi naye hakumfuata. Ushirikiano hafifu. Hata ule uliokuwepo waliuua kwa maneno mawili.

Siku ya kikao cha halmashauri Shangazi alivaa gauni lake la kazi, akaniambia twende. Njiani alivuka barabara kwa Fundi Matairi, akanyoosha mkono.  Fundi akaenda kwenye boksi la spana, akaitoa ile filimbi, akampa.

Ofisi ya halmashauri ina korido ndefu yenye mabenchi pande zote mbili, na watu wa Juu na Chini huketi hapo pamoja wakisubiri leseni, vyeti vya watoto na majibu yasiyokuja. Tulipita katikati yao. Chumba cha mkutano kiko mwishoni, mlango wake hauna kitasa, unakaa wazi. Ndani walikuwepo Afisa, Mwenyekiti wetu na wajumbe, na mama wa chai alikuwa anapita na trei akiwajazia vikombe.

Afisa alisimama, akampa pole ndefu ya kizungu-kizungu ambayo sikuielewa. Shangazi alingoja amalize. Akaiweka filimbi mezani mbele yake.

"Puliza," alisema.

Afisa akacheka kidogo, akatazama wenzake. Akasema hapa ni ofisini, mama, kuna watu wanahudumiwa.

"Hao hao. Ulisema watu huzoea. Puliza tuone."

Wajumbe wakatazama vikombe vyao. Naamini alipuliza ili yaishe, ili mjane aridhike, waendelee na ajenda. Aliifuta filimbi mdomoni kwa leso, kwa uangalifu, akapuliza mlio mmoja, wala haukuwa mrefu.

Trei ilianguka kwanza. Tulipogeuka, mama wa chai hakuwepo. Alikuwa chini ya meza yao, amekunjamana kati ya viatu vya wajumbe, amekumbatia chupa ya chai. Miaka yote alikuwa akiwajazia vikombe na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwuliza anakaa mtaa gani.

"Samahani, mkuu," ilisema sauti yake kutoka chini. "Samahani. Nitalipa vikombe."

Mwenyekiti wetu alikuwa ameshika ukingo wa meza, macho yamemtoka, magoti yamegusa sakafu. Hakujua kama yako sakafuni mpaka Shangazi alipomtazama. Korido nayo ilikuwa imejigawa. Nusu ya watu walikuwa wamesimama kwenye mabenchi, shingo wamezinyoosha, wanauliza kuna nini, wasaidie wapi. Nusu nyingine walikuwa chini: mzee mmoja na bahasha yake kichwani, msichana aliyevaa sare ya benki, mwanamume mwenye miraba minne aliyekuja kufuatilia kiwanja. Waliosimama waliwatazama waliolala. Ilikuwa mara ya kwanza kuwaona. Sisi tulikuwa tukiinukia vyumbani mwetu, tunajipangusa, tunakuja mjini tumenyoosha nguo.

Shangazi hakusema nimewaambia. Mimi ningesema, tena ningewasemea mpaka sauti ikauke. Yeye aliinama akampa mama wa chai mkono, akamtoa, akamkung'uta vumbi mgongoni, tukaondoka.

Filimbi zilirudishwa kimya kimya, boksi lile lile. Hakuna aliyeomba radhi. Ofisi haina mdomo wa kuombea radhi, ina mdomo wa kuzindulia tu. Fundi Matairi alileta rimu ya lori bovu, akaitundika kwenye nguzo kati ya kibanda chetu na barabara, akachomelea na ndoano ya kuwekea nyundo. Mlio wake ni mzito, kama mngurumo wa kiboko, hakuna aliyewahi kuuawa kwa mlio ule. Na halmashauri, iliposikia watu wanasifia rimu, ikasema huo ni mradi wake. Yakaja mahema. Yakaja maspika. Nguzo ikapakwa rangi ya buluu. Afisa akahutubia kuhusu suluhisho linalotoka kwa mwananchi mwenyewe, kisha akamwomba Shangazi, kama mdau, apige wa kwanza, ili mpiga picha apate na picha ya watu wakiitika.

Nilijua atakataa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo wangu nimkatalie kwa niaba yake. Lakini alitoka kibandani, akachukua nyundo, akapiga rimu ile kwa mikono miwili, akapiga tena, akapiga mpaka rangi mbichi ikamrukia usoni.

Wakaja. Juu waliteremka na ndoo, na Chini milango ilifunguka, wanawake na mabeseni, wazee na madebe ya mchanga, mzee wa ile bahasha, mama muuza mitumba akikimbia kwa taabu. Mama Pacha alikuja mbele ya wote, pekupeku, bila watoto, na ndoo ya maji imejaa inamwagikia gauni. Barabara ikajaa pande zote mbili. Watu wakaanza kutabasamu, wengine kupiga makofi, mpiga picha akapanda juu ya kiti.

Shangazi akashusha nyundo. Aliwatazama wote, Juu na Chini, Afisa na Mwenyekiti, macho yake yakatulia kwa Mama Pacha aliyekuwa anahema na ndoo yake.

"Kumbe mnajua kuja," alisema.

Alirudi ndani, akachukua pasi iliyokuwa imeshika moto, na akaendelea na shati alilokuwa ameliacha.